Saa Kumi za Dada Marlis

Ijumaa moja ya Julai, saa saba na dakika kumi mchana, nikiwa nimejificha nyuma ya mashuka yaliyoanikwa, nilimpigia simu dada yangu kwa sauti ya mwanamke wa miaka hamsini na nane anayevuta sigara. Nilifanya hivyo kwa nia njema. Najua kwamba wote tunaopelekwa mbele ya mwalimu mkuu huanza utetezi wetu kwa maneno hayo, lakini safari hii yalikuwa kweli.

Dada yangu ni Marlis Noske, miaka ishirini na saba, rubani msaidizi wa ndege za kukodi pale Essendon, Melbourne. Mimi ni Ilse, miaka kumi na sita, mwanafunzi wa bweni huko Ballarat, ambako kipaji changu cha kuigiza sauti kimeniletea umaarufu na adhabu kwa kiasi kilekile. Muhula uliopita nilitangaza kwenye vipaza sauti vya shule, kwa sauti ya mwalimu mkuu, kwamba Jumatano kila mtu aje na taulo. Watu mia tatu na arobaini walikuja na taulo. Hakuna aliyeuliza la nini.

Likizo ile nilikwenda kukaa kwa Marlis. Madirisha ya chumba chake ameyabandika karatasi ya foili ya jikoni, kwa sababu mara nyingi hulala mchana, na ukiingia unajiona uko ndani ya pakiti ya krispi. Watu wakisikia dada yako anaendesha ndege za matajiri, wanakuuliza kama amewahi kumbeba fulani na fulani. Hawaulizi nani anamwaga choo. Marlis ndiye anayemwaga choo. Ndiye anayenunua barafu kwenye kituo cha mafuta, ndiye anayepanga jibini kwenye sahani, ndiye anayefuta chokoleti ya watoto kwenye viti vyeupe vya ngozi, ndiye anayekunja ncha ya karatasi ya chooni iwe pembetatu kama leso ya arusini. Kisha ananawa mikono, anakaa mbele, kapteni akiwa kushoto kwake, na wawili hao wanainua tani tisa hadi mbinguni. Yote hayo ni mshahara mmoja.

Na anaipenda kazi yake, jambo linaloudhi sana. Hurudi akinuka mafuta ya ndege, anakaa mezani na kunisimulia jinsi alfajiri inavyoonekana juu ya bahari ya kusini, halafu anasinzia katikati ya sentensi na kijiko mkononi.

Siku za zamu ya kungojea, simu ya kazi huenda naye kila mahali. Huoga nayo ikiwa ndani ya mfuko wa plastiki wa sandwichi. Ikilia, lazima awe uwanjani ndani ya saa moja, amevaa sare. Katika likizo ile nilikuwa nimeona mianzo ya filamu nne.

Mkataba wake ulikuwa umebanwa kwa sumaku kwenye mlango wa friji, chini ya picha ya mbwa wetu. Kampuni ilimpeleka Brisbane majuma matatu, kwenye ile mashine inayojifanya ndege, akajifunza aina ya ndege yao. Naye akaahidi kuwatumikia miaka miwili. Akiondoka mapema, au akifukuzwa kwa kosa lake mwenyewe, gharama za mafunzo zinamrudia yeye. Na kila siku atakayokosekana akiwa amepangiwa kazi inaongezwa mwishoni. Alikuwa amebakiza miezi minane. Nilimwambia anaishi kama mfungwa.

"Mfungwa hupewa chakula," akasema.

Sasa nieleze habari ya mpagani.

Kaka yetu Detlef, anayelima ngano na baba huko nyumbani Mallee, ana mtoto wa kiume anayeitwa Lorenz, na Marlis ndiye aliyechaguliwa kuwa mama yake wa ubatizo. Ubatizo ulipangwa Novemba; Marlis akapelekwa Hobart. Ukapangwa Pasaka, Marlis akapelekwa Broome na bwana mmoja aliyetaka kutazama lulu. Mchungaji wetu ana makanisa manne na huja kwetu Jumapili moja kwa mwezi, na katika nyingi ya hizo huwa ni mavuno au mafua. Oma, yaani bibi yetu mzaa baba, ambaye ndiye askofu halisi wa eneo lile, alikuwa amepoteza subira.

"Mtoto ana meno manane," aliniambia kwenye simu, "na bado ni mpagani."

Hukumu yake ilikuwa hii: ubatizo ni Jumapili ijayo, saa nne asubuhi. Marlis asipokuja, mtoto atashikwa na binamu Gudrun, na Gudrun ndiye atakayekuwa mama wa ubatizo mpaka kiama. Gudrun ni mtu mwema sana. Ndiyo maana hakuna aliyemchagua.

Nilipompa Marlis ujumbe huo alisema, "Sawa," akaenda kuosha sufuria ambayo ilikuwa safi. Aliiosha muda mrefu.

Basi Ijumaa ile alirudi kutoka Perth saa moja na nusu asubuhi, macho mekundu, amebeba mabaki ya jibini la abiria, ambalo ndilo lilikuwa chakula chetu kikuu. Jumamosi na Jumapili alikuwa huru, tulikuwa tumeshafungasha. Alikuwa anavua viatu simu ya kazi ilipotoa mlio wa ujumbe.

"Queenstown," akasema baada ya kusoma. "Leo saa mbili usiku. Watu wa kuteleza kwenye theluji. Tunawangoja huko mpaka Jumapili usiku."

"Na Lorenz?"

"Nimesikia, Ilse."

"Sijasema kitu, nimeuliza. Mwambie hapana."

"Mwenye mkataba hasemi hapana."

"Imeandikwa wapi? Nimeusoma wote, hakuna mahali."

"Haijaandikwa. Ndivyo ilivyo."

Akaandika *Sawa, Noeline*, akaongeza na kikaragosi kinachocheka, huku yeye mwenyewe hacheki. Kisha akaenda kuoga. Ilikuwa karibu saa mbili asubuhi, na mapumziko yake yalikuwa yanaanza.

Hapo ndipo shetani wa elimu aliponijia. Kampuni ina kitabu chake cha kanuni, na mimi nilikuwa nimekisoma chooni kwa kukosa kitu kingine. Rubani akirudi kutoka safari ya usiku, hupewa saa kumi za kupumzika ambazo ofisi hairuhusiwi kumgusa. Ofisi ikimwamsha, saa kumi zinaanza upya. Nikapiga hesabu. Akiamshwa saa saba mchana, hataweza kuruka kabla ya saa tano usiku. Ndege inaondoka saa mbili. Watamtafuta rubani mwingine. Kanuni ni kanuni. Nilijiona kama wakili.

Marlis akiwa bafuni, nilichukua simu yake ya kazi, aliyoiacha mezani kwa kuwa hakuwa zamu, na kubadilisha jina langu liwe *Noeline Ofisi*. Noeline Stubbs ndiye anayepanga safari zote za kampuni. Nilikuwa nimemsikia kwenye simu mara ishirini hivi, na sauti yake ni zawadi kwa mwigizaji yeyote, kokoto zikitikiswa ndani ya debe la asali.

Kwa hiyo, saa saba na dakika kumi, nikiwa nyuma ya mashuka uani, jirani akikata nyasi kwa mashine upande wa pili wa ua, nilipiga.

"Haya, kipenzi, Noeline hapa, samahani kukuamsha. Ile barafu ya leo, mifuko miwili au mitatu?"

Sauti ya Marlis ikatoka chini kabisa ya kisima: "Miwili inatosha, Noeline."

"Malaika wewe," nikasema, nikakata.

Nikaingia jikoni, nikakaa, nikangoja atoke akipiga vigelegele.

Alitoka baada ya nusu saa. Hakupiga vigelegele. Alikuwa amevaa soksi moja. Akawasha birika.

"Noeline kanipigia," akasema. "Sasa usingizi umegoma."

Nikajitia mshangao wa hali ya juu. "Kakuamsha? Si mapumziko yamevunjika? Si saa kumi zinaanza upya?"

"Ilikuwa nusu dakika tu."

"Kitabu hakisemi nusu dakika. Kinasema ofisi ikikuamsha. Ripoti!"

"Siripoti."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ni Noeline." Alikaa. "Ana miaka kumi na tisa kwenye kile kiti na hajawahi kumwamsha rubani hata mmoja. Siku moja bosi mwenyewe alimwambia aniamshe, akamjibu aniamshe yeye, kisha aiendeshe ndege mwenyewe. Akikosea mara moja kwa sababu ya barafu, mimi ndiye nimwandikie ripoti? Nitakwenda hivi hivi. Na wewe usimwambie mtu."

Nilitazama mikono yake. Alikuwa amemimina maziwa kwenye bakuli la sukari, na sasa alikuwa anakoroga.

Sijui kama umewahi kutega mtego wa panya ukamnasa paka wako. Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kwamba dada yangu ni dada yangu. Sasa hatakwenda kwenye ubatizo, na tena ataruka hadi New Zealand, juu ya milima, usiku, akiwa amelala nusu, ili kumlinda mwanamke ambaye hakufanya lolote. Na yote hayo ni kazi ya mikono yangu.

"Marlis," nikasema. "Haikuwa Noeline."

"Nini?"

Nikamwambia. Sikutumia maneno mengi, jambo ambalo walimu wangu wasingeliamini. Nilitegemea anirushie birika. Aliweka kijiko chini polepole.

"Nilikuwa nimelala, Ilse," akasema. "Wiki nzima nimekuwa nikisinzia tu, leo nilikuwa nimelala kabisa. Nilikuwa naota niko kwenye tangi la maji nyumbani, naogelea."

Ningependelea birika.

"Sasa basi ripoti," nikasema. "Sema umeamshwa."

"Na nani? Kitabu kinazungumzia ofisi. Hakina kifungu cha mdogo mtu mjinga. Kwa kitabu, mapumziko yangu ni mazima. Nisipokwenda ni kosa langu mimi." Akaelekeza kidole kwenye friji bila kugeuka. "Soma kifungu cha tisa."

Sikuhitaji kukisoma. Kufukuzwa kwa kosa lake mwenyewe.

Nikachukua simu yangu, nikatoka nje hadi kwenye yale mashuka. Hapakuwa na sababu ya kwenda pale; nadhani mhalifu hupenda kurudi mahali pa kosa lake. Nikapiga ofisini.

"Noeline hapa."

"Naitwa Ilse Noske. Mdogo wake Marlis."

"Yule wa mataulo?"

Sifa zangu zilikuwa zimenitangulia.

"Ndiyo, mama. Leo saa saba na dakika kumi nimempigia Marlis nikijifanya wewe. Nimemwamsha makusudi. Yeye hana kosa, ameshindwa kulala tena, na alikataa kukuripoti kwa sababu alidhani ni wewe kweli."

Nikasikia kiberiti kikiwashwa.

"Ukijifanya mimi vipi?"

"Kwa sauti."

"Hebu fanya."

"Mama, sidhani kama..."

"Fanya, binti."

"Haya, kipenzi," nikasema kwa kokoto na asali, nikitamani ardhi inimeze, "Noeline hapa, samahani kukuamsha."

"Mimi sisemi hivyo," akasema Noeline.

Nyuma yake mwanamume aliangua kicheko hadi akapaliwa. Ndiye Kapteni Fergal Prowse, mzee wa miaka sitini na moja ambaye Marlis huruka naye, ingawa safari ya Perth haikuwa yake. "Unasema hivyo hivyo!" alipiga kelele. "Nilidhani umeanza kujijibu mwenyewe!"

"Fergal, kunywa chai yako unyamaze. Binti, dada yako yuko wapi?"

Alikuwa nyuma yangu, peku kwenye nyasi baridi, ameshika kamba ya kuanikia nguo kama mtu aliye kwenye meli. Nilifungua kipaza sauti cha simu.

"Noeline, naweza kuruka," Marlis akasema kabla hajaulizwa.

"Sijakuuliza hilo. Umelala kwa muda wa saa ngapi?"

"Karibu tano."

"Karibu tano ni ngapi?"

"Nne na nusu."

"Na umechoka?"

Lazima nieleze kwamba sikuwahi kumsikia dada yangu akilikubali neno hilo. Akiwa na miaka kumi na nne alivunjika kidole cha mguu kwenye mashine ya kuvunia, akatuambia kidole kimejikunja. Sasa alisimama pale akitazama shuka. Jirani alizima mashine yake ya nyasi, na ghafla dunia nzima ikawa kimya, utadhani imekuja kusikiliza.

"Nimechoka, Noeline," akasema. "Nimechoka tangu Pasaka."

"Basi huruki," akasema Noeline, kwa sauti ya mtu anayefunga droo. "Kieran hana ndege leo, yuko Moorabbin, amelala vizuri kama mtoto, na tangu Juni ananililia nimpe theluji. Nitampigia."

"Nitafukuzwa?"

"Nimfukuze rubani kwa kusema kachoka? Nibaki na nani? Na Fergal?"

"Nimesikia!" sauti ikatoka mbali.

"Ana ubatizo Jumapili!" nikaropoka. Hakuna aliyeniomba. "Ni wa tatu! Mtoto ana meno manane!"

Nikasikia kikombe kikiwekwa mezani.

"Ubatizo gani?" Noeline akauliza.

Marlis akamweleza, kwa kifupi na kwa aibu, Hobart na Broome na Gudrun.

"Mara mbili nimekupangia safari juu ya ubatizo," Noeline akasema, "na hukufungua mdomo? Unadhani ubatizo wenu unatokea kwenye kompyuta yangu? Mwezi wa nne ulinitumia kile kikaragosi kinachocheka! Nikajua mtoto wa watu ana raha zake!"

"Nilidhani mwenye mkataba..."

"Mkataba unasema hutaondoka. Hausemi hutaongea. Ningeweza kukukatalia, kipenzi. Siku nyingine nitakukatalia, utanichukia, nami nitalala vizuri tu. Lakini uliza."

"Sawa, Noeline."

"Na usiniambie sawa kwa sauti hiyo. Sasa sikiliza habari mbaya. Bosi ataongeza siku tatu mwishoni mwa mkataba wako. Ijumaa, Jumamosi, Jumapili. Hilo siwezi kulizuia, yule bwana siku hazimpotei."

"Najua," Marlis akasema. "Miezi minane na siku tatu."

"Na huyo mdogo wako namtaka hapa Jumanne saa moja asubuhi. Ndege zinaporudi kutoka kwenye theluji, vyoo vyake ni habari nyingine."

Simu ikakatika. Marlis alinitazama, akaniwekea mkono begani, na kwa sekunde moja nilidhani ananikumbatia. Alikuwa ananitegemea ili asianguke. Nikampeleka kitandani. Alilala hadi Jumamosi saa moja asubuhi, na mimi nilikaa mlangoni, nikamwendea jirani mara mbili kumsihi asiwashe mashine yake, kwa sauti yangu mwenyewe, ambayo kumbe haina nguvu yoyote.

Jumamosi niliendesha gari mimi, nikiwa na vibao vyangu vya mwanafunzi wa udereva, kilomita karibu mia nne, huku Marlis akikanyaga breki isiyokuwepo upande wake. Alisema mimi ndiye abiria wa kwanza kumwogopesha akiwa ameketi kwenye usukani.

Jumapili kanisa letu lilikuwa na watu ishirini na sita na hita moja. Gudrun alikuja na glavu nyeupe, endapo angehitajika. Alipomwona Marlis amesimama kwenye kibaraza akikung'uta tope kwenye viatu, alizivua polepole, kidole kimoja kimoja, akamkumbatia na kulia kwa furaha ya kweli kabisa, kiasi kwamba niliona haya kwa yote niliyowahi kusema juu yake. Yale ya humu nayaacha, kwa kuwa yameshaandikwa.

Lorenz alikuwa mzito kama gunia la mbegu na alivalishwa gauni lililoshonwa kwa mtoto wa wiki tatu, limemfika magotini. Mchungaji alimuuliza Marlis kama atakuwa karibu na mtoto huyu, kumwombea na kumkumbuka. Swali hilo huulizwa kila mtu, na kila mtu hulijibu haraka. Nilimwona Marlis akifikiria, nadhani, miezi minane na siku tatu, na Novemba, na Broome.

"Ndiyo," akasema. "Nitaomba ruhusa."

Hilo si jibu lililomo kwenye kitabu cha ibada. Mchungaji alimtazama juu ya miwani, akamtazama Oma, na Oma akatikisa kichwa kukubali; basi akamwaga maji.

Mahubiri yalikuwa marefu kama kawaida ya mtu aliyekosa kutuhubiria mwezi mzima. Yalipofika katikati nilisikia pumzi mbili nzito kando yangu. Lorenz alikuwa amelala kifuani kwa Marlis, mdomo wazi, na Marlis amelala juu ya kichwa cha Lorenz, mdomo wazi vilevile. Udenda wa ukoo wetu ulikuwa unateremka kwenye gauni la urithi.

Ukafika wakati wa wimbo wa mwisho. Sisi watu wa Mallee huimba kama tunaita ng'ombe waliovuka mto. Mchungaji aliinua mkono, akauelekeza kwenye benchi letu, kisha akaushusha taratibu, taratibu, hadi usawa wa goti. Mpiga kinanda akaelewa. Tukasimama wote isipokuwa wale wawili, tukaimba beti nne kwa kunong'ona, Detlef akiwa ameziba mdomo kwa ngumi ili sauti yake ya besi isitoroke, baba akiimba kwa nyusi tu.

Ubeti wa tatu Gudrun alisahau, akapaza sauti, na Oma akamkanyaga mguu.